Mpaka Unaohama: Istilahi za Integrali Chopekwa na Hesabu ya Shimo la Lusu

1.0 Utangulizi

Katika kata ya Lusu, wilayani Nzega, kaskazini mwa mji wa Tabora, pana shimo kubwa lililoachwa na mgodi wa dhahabu wa Golden Pride. Mgodi huo wa kampuni ya Resolute ya Australia ulifunguliwa mwaka 1999, muda mfupi baada ya kupitishwa kwa Sheria ya Madini ya 1998, nao ulikuwa wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini Tanzania. Baada ya miaka kumi na mitano hivi ulifungwa. Dhahabu ilikwenda ilikokwenda, shimo likabaki. Nzega ni nchi ya kiangazi kirefu, na kwa hiyo swali la kwanza ambalo mkazi wa huko anaweza kuuliza kuhusu shimo hilo ni jepesi kulitamka: likijaa, litashika maji kiasi gani?

Yamkini msomaji wa jarida la Kiswahili ataona kuwa swali hilo ni la wahandisi na wapima ardhi. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Sehemu ya swali hilo inayowaangusha wengi haimo katika kujumlisha, kwa kuwa kujumlisha siku hizi ni kazi ya mashine. Imo katika kueleza, kwa maneno yasiyo na utata, ni eneo gani linalojumlishwa na mipaka yake iko wapi. Hiyo ni kazi ya lugha, na idara za Kiswahili zimeiachia orodha za istilahi zilizopangwa kwa alfabeti ya Kiingereza.

2.0 Shimo kama jumla ndani ya jumla

Ujazo wa mche mstatili hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kina. Jambo hili mtoto wa shule ya msingi analijua, tena kwa Kiswahili. Lakini shimo la mgodi halina upana mmoja wala kina kimoja. Kwa hiyo hukatwa kinadharia vipande vyembamba vya wima, mithili ya mkate. Kila kipande kina eneo lake, na eneo hilo hupatikana kwa kujumlisha kina kutoka ukingo mmoja mpaka ukingo wa pili. Kisha maeneo ya vipande vyote hujumlishwa kutoka ncha moja ya shimo mpaka ncha nyingine. Jumla ya kwanza imo ndani ya jumla ya pili. Hapa jumla ya namna hiyo itaitwa integrali, kwa kuwa jina lake la Kiswahili bado halijatulia. (Neno tungamo lingevutia, lakini wanafizikia walikwisha kulitwaa kwa maana ya wingi wa maada, na kuwanyang'anya sasa kungeleta vurugu.)

Jambo la kuzingatia ni ukingo. Katikati shimo ni pana. Kuelekea kwenye ncha linazidi kuwa jembamba. Maana yake ni kwamba jumla ya ndani haina mipaka inayosimama mahali pamoja. Kila mara kipande kinapobadilika, mipaka ya kipande nayo huhama. Hiki ndicho kiini cha tatizo.

Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu na si kama vipimo halisi vya Lusu, kwamba shimo lina umbo la duaradufu kwa juu, lenye urefu wa mita 1,200 na upana wa mita 400, na kwamba kina chake katikati ni mita 180, kikipungua taratibu mpaka sifuri kwenye ukingo. Kigeu x kikipima umbali kutoka katikati kwa kufuata urefu, na kigeu y kikipima umbali kwa kufuata upana, kanuni ya kina itakuwa:

kina = 180 (1 − x²/600² − y²/200²)

Ujazo sahihi wa shimo hili ni mita za ujazo 33,929,201 kwa kukadiria. Mtu asiyeiamini mashine anaweza kuhakiki sehemu ya hesabu hii kwa mkono. Kipande cha katikati kina umbo la tao lililopinduliwa, lenye upana wa mita 400 na kina cha mita 180, na tangu zama za Archimedes inajulikana kuwa eneo la tao la namna hiyo ni theluthi mbili za mstatili unaolizunguka. Theluthi mbili za 72,000 ni 48,000. Integrali ya ndani, x ikiwa sifuri, haina budi kutoa mita za mraba 48,000, na mtu anayeandika programu bila kuhakiki namba moja kama hiyo anajitakia makuu.

Sasa na afikiriwe mwanafunzi aliyeambiwa na kitabu kwamba integrali mbili zina “vikomo” vinne. Anaviona vinne mara moja: urefu unakwenda kutoka −600 mpaka 600, upana kutoka −200 mpaka 200. Anaviingiza katika kompyuta. Kompyuta haisiti, haitoi onyo, wala haiandiki neno lolote jekundu. Inatoa jibu safi kabisa: mita za ujazo 28,800,000. Namba hii ni ndogo kuliko ukweli kwa zaidi ya asilimia 15.

Kosa limetoka wapi? Mwanafunzi ametaja mstatili ilhali shimo ni duaradufu. Katika kona nne za mstatili huo, nje ya ukingo wa shimo, kanuni ya kina inatoa namba hasi, na mashine haijui kuwa kina hasi ni upuuzi. Kwa mashine, kina hasi ni kilima. Kwenye kila kona imejenga mlima wa mita 180 ambao haupo Nzega wala popote pengine, kisha ikautoa mlima huo katika ujazo wa shimo. Kipande cha mwisho, x ikiwa 600, ambacho kilipaswa kuwa na eneo la sifuri, kimepewa eneo la −24,000.

Tofauti ya majibu hayo mawili ni mita za ujazo milioni 5.13 hivi, yaani lita bilioni 5.13. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku katika vijiji. Kwa kipimo hicho, maji yaliyopotelea katika kona nne za mstatili yangewatosha watu 20,000 kwa miaka 28, kabla ya kuhesabu yanayochukuliwa na jua na kabla ya kupima kama maji ya shimo la mgodi yanafaa kunywewa. Kosa la namna hii halifananiki na kosa la tahajia.

Lipo jingine linaloonyesha namna mipaka inavyohama. Maji yakifika nusu ya kina cha shimo la mfano huu, mtu angetarajia kuwa shimo limejaa nusu. Sivyo. Uso wa maji wakati huo ni duaradufu ndogo zaidi, mipaka yake imesogea ndani, na ujazo ni robo tu, takriban mita milioni 8.5. Mwenyekiti wa kijiji akielezwa jambo hili kwa Kiswahili fasaha atalielewa bila kuandika mlinganyo hata mmoja, kwa sababu amekwisha kuliona katika lambo lake mwenyewe: maji ya mita ya mwisho huisha upesi kuliko ya mita ya kwanza.

3.0 Kikomo au mpaka

Ni dhahiri kuwa neno “vikomo” halikumwingiza mwanafunzi kosani peke yake. Lakini halikumsaidia, na huenda lilimsukuma. Nomino kikomo imetokana na kitenzi koma. Kinachokoma kinaacha kuendelea: safari, mvua, subira. Kikomo cha jambo kwa desturi ni kimoja, nacho kimesimama. Katika hisabati neno hili linafaa sana kwa dhana ya thamani ambayo mfuatano wa namba unaikaribia bila kulazimika kuifikia, na kwa dhana hiyo libaki hapo hapo.

Mwanzo na mwisho wa integrali ni dhana nyingine. Ni ukingo wa eneo, mahali ambapo eneo linalohesabiwa linapakana na lisilohesabiwa. Kiswahili kina neno la jambo hilo na mkulima yeyote wa Unyamwezi analitumia: mpaka. Mpaka wa shamba unaweza kunyooka, na unaweza pia kufuata korongo na kupinda nalo. Hakuna anayeshangaa kusikia kwamba mpaka wa shamba fulani uko hatua arobaini kutoka njiani kwa upande wa juu na hatua tisini kwa upande wa chini. Mpaka unaohama ni jambo la kawaida katika lugha, ilhali kikomo kinachohama kinasikika kama mkanganyiko.

Mpaka una fadhila ya pili ambayo watunga istilahi wameipuuza. Neno hilo hilo ni nomino na ni kihusishi. Mtu husema mpaka wa shamba, na husema kutoka hapa mpaka pale. Kwa hiyo integrali husomeka yenyewe kwa neno linaloitaja: kutoka sifuri mpaka x. Istilahi chache sana za kisayansi, katika lugha yoyote, zina bahati ya kuwa jina la kitu na papo hapo kuwa neno la kukisomea.

Kwa nini basi orodha huelekea kutoa kikomo kwa dhana zote mbili? Jibu si la kisayansi. Kiingereza kina neno moja kwa dhana hizo, na mtunga orodha aliyeanza na safu ya Kiingereza huona nafasi moja ya kujaza, hivyo hujaza neno moja. Utata wa lugha ya wengine unahamishiwa katika Kiswahili ambacho hakikuwa nao. Lugha nyingine hazikufanya hivyo. Mfaransa husema borne kwa mpaka wa integrali na limite kwa kikomo cha mfuatano. Mjerumani hutofautisha Grenze na Grenzwert. Vitabu vya Kiarabu hutumia hudud kwa ya kwanza na nihaya kwa ya pili, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuona kwamba mwisho na mpaka ni vitu viwili.

Isidhaniwe kuwa hisabati ya Kiswahili haijawahi kuthubutu. Mwanafunzi wa shule ya msingi hutofautisha kigawe na kigawo, kipeo na kipeuo. Tofauti ya irabu moja, au ya silabi moja, inabeba tofauti kamili ya dhana, naye huibeba bila malalamiko makubwa. Mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Miaka miwili baadaye Tumbo-Masabo na Mwansoko wakatoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, kitabu ambacho bado kinastahili kuwa mezani pa kila anayegusa kazi hii. Misingi ipo. Kilichopungua ni mazoea ya kuanza na tendo linalofanywa kabla ya neno linalotafsiriwa.

Kuhusu kigeu, neno lililotumika hapo juu kwa herufi inayobadili thamani, hakuna ubishi mkubwa, ila litofautishwe na kigeugeu, ambalo katika mazungumzo ya kawaida ni tusi kwa mtu asiyetabirika. Herufi x haimgeuki mtu. Inabadilika kwa utaratibu uliotangazwa, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu kila mtu.

4.0 Nje na ndani

Suala la pili ni la mpangilio. Integrali moja ikiwa ndani ya nyingine, ipi inatajwa kwanza? Wanaisimu hawana haja ya kufundishwa dhana ya kitu kilichochopekwa ndani ya kingine cha aina yake. Kishazi ndani ya sentensi ni chakula chao cha kila siku. Kwa sababu hiyo inapendekezwa hapa kuwa integrali za aina hii ziitwe integrali chopekwa, na sehemu zake ziitwe integrali ya nje na integrali ya ndani. Kama vile kishazi tegemezi kinavyoweza kurejelea nomino iliyokwisha kutajwa, mipaka ya integrali ya ndani inaweza kukitaja kigeu cha nje. Kinyume chake hakiwezekani: mpaka wa nje ukikitaja kigeu cha ndani, kauli nzima inakosa maana, sawa na kiwakilishi kisicho na kirejelewa.

Programu za hisabati zinaikubali kanuni hii, lakini kila moja inaiandika kwa namna yake. Katika Mathematica, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988, kigeu kinachotajwa kwanza ndicho cha nje, na mipaka ya vinavyofuata inaweza kutegemea kilichotangulia. Katika maktaba ya SciPy ya lugha ya Python, amri ya dblquad hupokea mipaka ya x kwanza, lakini kanuni inayojumlishwa inatakiwa iandikwe y ikitangulia x. Katika MATLAB, amri ya zamani yenye jina hilo hilo la dblquad ilikubali mstatili tu. Aliyetaka eneo lenye mipaka inayohama alishauriwa kuandika kanuni inayotoa sifuri nje ya eneo. Amri ya quad2d iliyokuja mwaka 2009, na integral2 ya mwaka 2012, ndizo zilizoruhusu mipaka kuandikwa kama kanuni.

Ushauri ule wa zamani ulileta jibu sahihi, kwa gharama. Katika mfano wa shimo, kuagiza kwamba kina hasi kihesabiwe sifuri kunaondoa vile vilima vinne. Lakini kunaacha mvunjiko kwenye ukingo wote, mahali ambapo mteremko unakatika ghafla, na kanuni za kukadiria integrali hazipendi mivunjiko. Mashine hulazimika kuongeza nukta nyingi karibu na ukingo ikitafuta usahihi ambao ingeupata kwa urahisi kama ingeambiwa tangu mwanzo ukingo uko wapi.

Gharama hiyo si ndogo. Kanuni ya kawaida iliyorithiwa kutoka QUADPACK, mkusanyo wa programu uliochapishwa mwaka 1983, hupima thamani katika nukta 21 kwa kila kipande cha mwanzo. Kwa integrali mbili zilizochopekana, nukta ni 441. Kwa tatu, 9,261. Kwa nne, 194,481. Tena hizo ni kabla mashine haijagawa kipande hata kimoja. Aidha, jibu la integrali ya ndani huwa na kosa dogo, na integrali ya nje huliona kosa hilo kama mtetemo, ikaanza kuutafutia sababu isiyokuwapo. Ndiyo maana usahihi unaodaiwa kwa ndani hauna budi kuwa mkali kuliko unaodaiwa kwa nje. Wengi hufanya kinyume, au huachia mashine ichague.

Kukosea mpangilio kuna tabia yake ya ajabu. Katika mfano wa shimo, mtu akibadilisha nafasi za x na y ndani ya kanuni huku mipaka ikibaki ilivyo, jibu ni hasi milioni 86.7. Kosa hili linapiga kelele, na hakuna mhandisi atakayelipeleka ofisini. Lakini shimo likiwa la mviringo kamili, kosa hilo hilo halibadilishi chochote, na mwanafunzi aliyejifunza kwa mfano wa mviringo atatoka darasani akiamini kuwa mpangilio hauna maana. Waalimu hupenda mifano ya mviringo kwa sababu ni rahisi. Wangefanya vyema kuiacha.

Utaratibu wa nje na ndani si mgeni Unyamwezi. Kirangozi wa msafara wa karne ya kumi na tisa, akitoka Ugogo kuelekea Unyanyembe, alikabili hesabu ya posho yenye umbo hilo hilo. Hatua za safari zilikuwa jumla ya nje. Ndani ya kila hatua mlikuwa na siku, na idadi ya siku mpaka mahali pengine penye chakula ilitegemea hatua yenyewe. Palipo na vijiji vya karibu, mpaka wa ndani ulikuwa mfupi. Katika nyika ya Mgunda Mkali, ambako hapakuwa na pa kununua nafaka, ulirefuka. Kwa wapagazi 100 na kibaba kimoja kwa mtu kwa siku, nyika ya siku 8 inadai vibaba 800, sawa na pishi 200, ambazo lazima zibebwe. Msafara ambao ungepangiwa siku zile zile kwa kila hatua ungebeba mzigo wa bure mahali pamoja na kufa njaa mahali pengine. Haidaiwi hapa kwamba kirangozi alijua integrali. Kinachodaiwa ni kwamba aliweza kusema, kwa lugha yake, ni hatua ipi yenye siku ngapi. Na aliyeweza kulisema hilo alikuwa amekwisha kumaliza sehemu ngumu.

Inafaa kukumbushwa pia kwamba watu wa maeneo ya migodi wameifahamu tofauti ya kiwango kinachosimama na kinachohama kwa njia chungu zaidi. Katika mikataba kadhaa ya madini ya miaka ya 1990, halmashauri zililipwa dola 200,000 kwa mwaka badala ya ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Bei ya dhahabu ilipopanda, kiwango kilichosimama kilibaki kimesimama.

5.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba makosa yaliyoelezwa hufanywa pia na wanafunzi wa London na Chicago, ambao lugha ya programu ni lugha yao. Hilo ni kweli kabisa, na halivunji hoja. Lugha haijumlishi. Hata hivyo, mwanafunzi wa London anaweza kurudi kwenye sentensi aliyoielewa na kujiuliza amekosea wapi. Mwanafunzi wa Nzega alifundishwa mche mstatili kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari na kuambiwa aanze upya kwa lugha nyingine. Anapofika integrali hana sentensi ya kurudia. Ana amri aliyoikariri tu. Akipata 28,800,000 hana pa kuiulizia namba hiyo.

Pingamizi la pili ni la kusubiri: kwamba istilahi zitakuja pale sera itakapoamua kuwa hisabati ya sekondari na chuo ifundishwe kwa Kiswahili. Tume ya Makweta ilipendekeza mabadiliko ya lugha ya kufundishia mwaka 1982, na serikali haikuyatekeleza. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango upya, na hadi leo hisabati katika shule nyingi za sekondari ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Aliyesubiri tangu 1982 amesubiri vya kutosha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haukusubiri sera ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004; ulikaa na maneno, ukayajaribu kwenye skrini, na yasiyofaa yakaonekana mara moja kuwa hayafai. Wakati huo huo, mabingwa walibishana kama chombo chenyewe kiitwe tarakilishi au ngamizi, na wananchi wakaendelea kukiita kompyuta.

Kinachohitajika ni kidogo kuliko sera. Mwanafunzi wa uzamili katika idara ya Kiswahili akae muhula mmoja na mwalimu wa hisabati au mpima ardhi, si kwa ajili ya kumtafsiria orodha, bali kwa ajili ya kusikiliza anavyoeleza eneo kabla hajagusa mashine, na kuandika sentensi zake. Tasnifu moja ya namna hiyo itafaa kuliko orodha ya maneno elfu moja. Itakutana na masuala ambayo orodha haziwezi kuyaona: kwa mfano, herufi x ichukue upatanisho gani? Wengi husema x inakwenda, kwa kufuata herufi; wengine husema x kinakwenda, kwa kufuata kigeu. Makala haya yenyewe hayakuwa na msimamo mmoja, na uchunguzi wa usemi wa waalimu ndio utakaoamua.

Itakutana pia na suala la mpaka wa juu na mpaka wa chini, majina yaliyozoeleka kwa sababu namba mbili huandikwa juu na chini ya alama ya integrali. Majina hayo yanafaa ubaoni, lakini shimoni yanageuka. Anayepima kina kutoka usoni kwenda chini atakuta kuwa “mpaka wa juu” wa hesabu yake ni sakafu ya shimo. Heri kusema mpaka wa kuanzia na mpaka wa kuishia, ili neno lifuate mwendo wa hesabu badala ya mahali pa wino.

Kwa kutumia maneno hayo, shimo la mfano linaelezeka kwa sentensi tatu. Kigeu x kinakwenda kutoka −600 mpaka 600. Kwa kila x, kigeu y kinakwenda kutoka ukingo wa kusini mpaka ukingo wa kaskazini wa shimo mahali hapo, yaani mita 200 mara kipeuo cha pili cha 1 − x²/600², kwa kila upande. Kwa kila x na y, kina ni kile kilichotolewa na kanuni. Maneno “kwa kila x” yanakitangaza kigeu cha nje kabla cha ndani hakijatamkwa, na sentensi ya pili haiwezi kuandikwa bila kuulizwa: mahali hapo, ukingo uko wapi? Aliyeandika vikomo vinne hakuulizwa swali hilo. Sentensi hizo zinaweza kuingizwa katika Mathematica kwa mpangilio wake huo huo, na katika SciPy kwa kugeuza nafasi za vigeu ndani ya kanuni. Katika zote mbili zitatoa mita za ujazo 33,929,201.

Shimo halisi la Lusu lina ngazi, njia za malori na kuta zisizofuata kanuni yoyote. Mipaka yake itatoka kwenye vipimo vya ardhi, nukta baada ya nukta, na sentensi ya pili itakuwa jedwali refu. Mpangilio wa sentensi zote tatu utabaki kama ulivyo.